Babu yangu wa miaka ishirini na moja: namna ya kumkumbuka kijana aliyefia vita vya ng'ambo

Ukitaka kumkumbuka kijana wenu aliyefia vita vya ng'ambo, usianze na simu. Anza na mtu mzee kuliko wote waliobaki katika ukoo, tena nenda wiki hii. Madaftari ya jeshi yamekwisha kungoja miaka themanini, yatangoja na mwezi mwingine. Bibi hangoji.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kijana ninayemzungumzia ni kaka yake bibi mzaa mama, kwa hiyo kwangu ni babu, na ndivyo ninavyomwita, ingawa alikufa ana miaka kama ishirini na moja na mwanangu wa mwisho leo ni mkubwa kuliko yeye. Jina lake sitaliandika hapa, ni la nyumbani. Alitoka Muheza, akaingia jeshi la Mwingereza wakati wa vita vya pili, akapandishwa meli, hakurudi. Hatuna kaburi, hatuna picha, hatuna nishani. Tulichoachiwa ni neno moja tu, "Bama", yaani Burma, leo Myanmar, na hilo nalo lilikuja kuonekana si la kweli. Ninaeleza njia tuliyopita mpaka tukampata, pamoja na makosa yetu, kwa sababu makosa ndiyo yaliyotula miaka.

Uliza habari za kijana, za askari zitafuata

Mara ya kwanza nilimwendea Bibi na maswali ya polisi. Alikufa lini? Kikosi gani? Namba yake ya jeshi? Bibi alijibu "sijui mwanangu" mara nne, kisha akavuta ungo akaendelea kuchambua mchele. Siku ya pili nikaacha daftari kwenye mkoba, nikakaa naye mkekani, nikachambua na mimi. Tulipofika katikati ya ungo nikamuuliza, kaka yako alikuwa anapenda kula nini?

Mihogo ya nazi. Na hapo akaanza, hata sikuwa na haja ya kuuliza tena. Alikuwa mwizi wa kete kwenye bao, kijiji kizima kinajua, na bado watu walicheza naye kwa sababu alikuwa anachekesha. Alikata mkonge kwenye shamba la mzungu, mikono imejaa makovu ya miba. Akirudi usiku alipiga mluzi kutoka mbali ili dada yake amfungulie mlango kabla baba hajaamka. Baada ya kuingia jeshini alikuja likizo mara moja, siku mbili, akiwa na buti. Aliziacha nje ya mlango, Bibi akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili akazivaa kwenda nazo kisimani, akaanguka na ndoo. Kaka mtu alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope na sare yake. Hiyo ndiyo mara ya mwisho kumwona.

Kwa hiyo maswali yawe ya namna hii. Usiulize mwaka, uliza kama ilikuwa wakati wa kulima au wa kuvuna, au nani alikuwa mchanga mgongoni siku ile. Uliza nani alileta habari ya kifo, na nani alilia kwanza. Uliza aliacha nini ndani. Uliza alikuwa anadaiwa na nani. Hili wengi hulisahau, nitalirudia.

Na mrekodi. Mwaka 2003 mimi nilitumia redio kaseti, wewe una simu, huna kisingizio. Acha irekodi yote, jogoo awike, watoto wapige kelele. Usimkatize kumsahihisha. Kisha andika maneno yake kama alivyoyasema, hasa yale usiyoyaelewa, kwa sababu neno usilolielewa linaweza kuwa ndilo ufunguo.

Sisi ufunguo tuliutupa. Bibi alisema, "Walimtia kwenye mizinga." Tulikuwa mimi, Mama na mjomba wangu, na sote watatu tukafikiri mizinga ya nyuki. Tukacheka. Ikawa utani wa nyumbani kwamba Babu alikwenda vitani kumlindia mfalme asali. Utani huo ulidumu miaka kumi na mitatu. Mwaka 2016 nikamsimulia mteja mmoja, mzee mstaafu wa JWTZ aliyeniletea suruali nimpunguzie kiuno. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Mama, mizinga ni ile inayopiga. Babu yako alikuwa askari wa mizinga."

Ile kaseti ninayo mpaka leo. Tunasikika sote watatu tukicheka. Bibi hasikiki. Alifariki mwaka 2006 na sikupata nafasi ya kumwambia kwamba sasa nimeelewa.

Neno "Bama" lisikupoteze

Kwetu kila aliyekufa katika vita ile husemwa alifia Bama. Sababu ipo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyovaa alama ya kichwa cha kifaru, ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka Bonde la Kabaw katikati ya mvua za masika ya kule, kwenye tope, malaria na homa nyingine, mpaka ikafika Kalewa na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Waliorudi walisimulia hayo kwa miaka, na watoto tukakua tukijua Bama peke yake. Lakini vijana wa Afrika Mashariki walikufa pia Somalia na Uhabeshi mwaka 1940 na 1941, Madagaska mwaka 1942, wengine kwa maradhi kambini bila kuona adui, na wengine baharini.

Kabla ya kutafuta jina, kusanya vitu vitatu: alikuwa askari wa kazi gani, alifia ardhini au majini, na ulikuwa msimu gani. Kazi ina maana kubwa. Askari wa miguu ni habari moja, dereva ni nyingine, wachimba barabara na wapagazi ni nyingine, na kila kundi lina orodha yake.

Vya kwetu vilikuwamo vyote kwenye kaseti. Mizinga. Majini, kwa sababu mama yake, yaani bibi mzaa bibi yangu, tangu habari ilipofika hakula tena samaki wa baharini mpaka anazikwa. Na jumbe alileta karatasi kutoka Bomani wakati watu wanasafisha mashamba kungoja masika. Ukiviweka pamoja hivyo vitatu, mizinga, bahari, kabla ya masika, unabaki na meli moja tu. Inaitwa Khedive Ismail.

Meli hii iliondoka Kilindini, Mombasa, mwanzoni mwa Februari 1944, ikielekea Colombo, kisiwa cha Ceylon ambacho leo ni Sri Lanka. Ilikuwa katika msafara wa meli tano za kubeba watu, zikilindwa na manowari. Ndani yake walikuwamo watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Waliobaki ni mabaharia, askari wa Uingereza, na wanawake, wengi wao wauguzi. Jumamosi tarehe 12 Februari, mnamo saa nane na nusu mchana, jirani na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa muda usiotimia dakika mbili. Nimepima kwenye cherehani yangu: ni muda wa kutunga uzi kwenye sindano na kushona pindo moja la leso. Walikufa watu 1,297.

Liko jambo jingine, na ninaliandika kwa sababu wewe pia utakutana na jambo la namna hii katika habari ya kijana wenu. Nyambizi ilijificha chini ya mahali walipokuwa wanaelea waliookoka. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliitafuta kwa mabomu yanayolipukia chini ya maji, na wale watu walikuwa bado majini. Nyambizi ilizamishwa mwishowe.

Mama nilimwambia jina la meli na saa. Haya ya mabomu sikumwambia. Ilipita miezi, siku moja tunakunja nguo akauliza mwenyewe, "Na wale waliobaki kwenye maji walikuwaje?" Nikamwambia kweli yote. Ndivyo ninavyokushauri: mzee usimwagie kila kitu siku moja, lakini akikuuliza usimdanganye. Mama alinyamaza, akaendelea kukunja, kisha akasema, "Basi huenda yeye alikwenda na meli." Tukaliacha hapo.

Kulitafuta jina lililokosewa

Iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917. Kwenye tovuti yake kuna daftari la watu wapatao milioni 1.7 waliokufa katika vita vile viwili vikuu, na kutafuta humo ni bure. Akikuambia mtu umlipe akutafutie, mkatae. Utaweza mwenyewe, ukikwama muombe kijana wa shule.

Usianze na jina. Karani aliyewaandika vijana wetu alikuwa anasikia kwa sikio lake na kuandika kwa mkono wa haraka. Hamisi anaweza kuwa Khamis, Hamis, Kamis au Amisi. Rashidi akawa Rachidi au Lashidi. Mwinyi akapoteza w. Wengine wameandikwa jina moja tu, hakuna la baba. Wengine jina la baba limetangulia. Anza na tarehe ya kifo kama unayo, kisha kikosi, halafu nchi. Nilipoweka 12 Februari 1944 na mizinga ya Afrika Mashariki, ilitoka orodha ndefu, nikaisoma yote kwa siku tatu, jioni baada ya kufunga duka, kwa sauti. Kwa sauti, ndiyo. Jina lililokosewa herufi macho hulipita, lakini sikio la nyumbani hulitambua. Siku ya tatu nikajisikia nasema jina la Babu na la baba yake, herufi moja imeanguka.

Ukiyapata majina mawili yanayofanana, usilazimishe. Yaandike yote mawili na uweke "huenda". Nimeona familia imemchukua marehemu wa watu wengine kwa haraka tu ya kutaka kumaliza.

Ukishampata, andika vitu hivi kwenye karatasi na si kwenye simu pekee: namba yake ya jeshi pamoja na herufi zake, kikosi, tarehe, jina la makaburi au mnara wenye jina lake, na namba ya nguzo au ubao. Bila namba ya nguzo utazunguka juani mpaka uchoke.

Kwa wasiojua waanzie wapi: waliofia Burma wengi wamo Taukkyan, nje kidogo ya Yangon, na wasio na kaburi majina yao yamechongwa kwenye nguzo za mnara uliomo humo humo. Wengine wamezikwa Imphal, India. Wa Madagaska watafute Diego Suarez, wa Uhabeshi Addis Ababa. Waliozama na Khedive Ismail wa kutoka huku kwetu wamo kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya Makaburi ya Vita ya Nairobi.

Lakini kama unamtafuta babu wa vita vya kwanza, hasa mpagazi, wale walioliachia Kariakoo jina lake, jiandae kutomkuta. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita ile, na huenda wakafika 350,000, wengi wao Waafrika wa mashariki na watu wa Misri, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Hapo ujanja wa kutafuta ni mdogo. Hao wakumbuke kwa kinywa cha wazee tu, na usijilaumu kwamba hukusoma vizuri.

Safari

Si lazima usafiri. Tume inakuwekea cheti chenye jina lake, unakichapisha kwenye duka lolote la steshenari. Mimi nilikichapisha, nikakitia fremu, Mama akakitazama akasema, "Karatasi tulishaletewa na jumbe." Kwa hiyo tukasafiri, Februari 2018, mimi, Mama na mjomba.

Kutoka Tanga tulipita Horohoro, tukavuka mpaka kwenda Lungalunga, basi likatufikisha Likoni. Hapo wakati ule hakukuwa na kukwepa feri, na feri ya Likoni inakatiza mlango wa bandari ya Kilindini. Sikuwa nimepanga. Mjomba ndiye aliyesema, katikati ya maji, huku wauza korosho wanatupigia kelele, "Si ndipo walipopita?" Hapo ndipo. Meli zote za Kilindini hutokea pale kwenda bahari kuu. Kama kijana wenu aliondokea bandari hiyo, panga saa yako uvuke mchana, usimame upande wa baharini, na mkoba uushike.

Mombasa tulipanda treni ya SGR, tukalala Nairobi, asubuhi tukachukua matatu namba 111 ya Ngong Road. Mwambie kondakta unashukia makaburi ya vita. Wengine watakuambia hawayajui, muulize abiria mtu mzima. Kuingia hakuna malipo. Kumetunzwa mno, majani yamekatwa kama kichwa cha bwana harusi, mpaka Mama akauliza nani anawalipa hawa watu.

Mambo machache ya pale. Usipake chaki, mkaa wala unga juu ya maandishi ili yaonekane kwenye picha. Kitambaa chenye maji kidogo kinatosha, na umuombe mtunzaji ruhusa kwanza. Ukitaka kuondoka na jina lenyewe, weka karatasi nyembamba juu ya herufi, uipitishe penseli laini kwa ubavu, taratibu. Mimi nilikwenda na karatasi ya kukatia vielelezo vya nguo, ile nyepesi, ikafaa kuliko zote. Kunja kwa kuzungusha, usiikunje kwa pindo, pindo litapita katikati ya jina. Na majina ya jirani yake, juu na chini, yanakili pia. Walikufa dakika moja, huenda walikula sahani moja.

Herufi iliyoanguka imeanguka mpaka kwenye mnara. Iko njia ya kuiomba Tume isahihishe ukiwa na ushahidi wa maandishi, lakini sisi ushahidi wetu ni kaseti yenye jogoo. Mama aliweka kidole pale ilipokosekana, akaisema mwenyewe.

Siku ya kumsomea

Msiba usio na maiti huwa haufungwi vizuri. Sisi ni Waislamu, na nyumbani kwetu 1944 hawakujua wafanye nini, wakafanya kidogo kidogo: mama yake alisubiri, baba yake alisoma dua peke yake msikitini. Kuhusu swala ya ghaibu, ya kumswalia maiti asiyekuwepo, wanazuoni wanatofautiana, hivyo muulize imamu wa mtaani kwako usiniulize mimi. Wa kwetu alitushauri hitima, na akatuambia jambo ambalo laiti bibi mzaa bibi angelisikia: katika mafundisho ya Mtume, aliyekufa kwa kuzama huhesabiwa miongoni mwa mashahidi.

Chagua siku moja muishike. Sisi tunaifanya Februari, Jumamosi iliyo karibu na tarehe 12, kwa sababu watu wako nyumbani. Mjomba anataka kalenda ya Kiislamu, katikati ya Safar, wanabishana na Mama kila mwaka, na kubishana huko sasa ni sehemu ya hitima. Tunagawana juzuu, tunamaliza, tunakula. Pilau hatupiki. Tunapika mihogo ya nazi, na anayeshindwa bao siku hiyo ana haki ya kudai ameibiwa kete.

Makabila mengine yana njia zao na usizidharau. Jirani yangu wa zamani, Mluhya, aliniambia kwao asiyepatikana mwili huzikiwa shina la mgomba. Wajaluo hutumia tunda la yago, lile refu kama mchi. Wakristo wana ibada ya kumbukumbu. Ninachokataa ni kuazima ibada ya watu wengine kwa sababu inapendeza kwenye picha. Tulishauriwa tuwe na maua mekundu ya karatasi, ya Novemba, ya Waingereza. Mjomba akauliza, "Hayo yanakwenda kwa mfalme au kwa mama yake?" Vijana wale walilipwa kwa rangi ya ngozi, hata fedha ya kuagwa baada ya vita mweusi alipewa pungufu. Anayetaka kuvaa ua avae. Sisi Babu yetu tulimwandika hivi kwenye kibao cha mninga tulichotundika barazani: jina lake, jina la mama yake, Muheza. Mfalme hakuhitajika.

Usimpe sura isiyo yake

Nitasema haraka kwa sababu bado inaniudhi. Mwanangu mmoja, kwa nia njema, alitengeneza kwa programu ya akili mnemba picha ya kijana mweusi mwenye sare, nishani tatu kifuani, taya kama mwigizaji, akaiweka kwenye kundi la familia: "Babu wetu shujaa." Watu thelathini wakaweka mioyo. Mama akanipigia simu usiku, anaulizia, "Wameipata wapi picha ya mjomba wangu?" Alikuwa amelia. Ilibidi nimwambie si yeye, si mtu yeyote. Kadhalika usichukue picha ya askari wa Keya, lile jeshi la Mwingereza la Waafrika, uliyoikuta mtandaoni ukasema ndiye. Yule ni mtoto wa watu. Kama hamna picha, basi hamna. Sisi kwenye ukuta kuna ile karatasi ya penseli yenye jina, na chini yake nimeandika, "Alicheka mpaka akakaa kwenye tope."

Kama msiba wenu ni mbichi

Wako wanaosoma haya kijana wao hakufa 1944. Watanzania wasiopungua 14 wa kulinda amani waliuawa siku moja huko Semuliki, Kivu Kaskazini, tarehe 7 Desemba 2017, na baada yao wameondoka wengine. Kwenu nina machache. Jumbe zake za sauti zihamishe leo kutoka kwenye simu, ziweke mahali pawili, kwa sababu simu hupotea na namba hufungwa. Wenzake aliokuwa nao waalikeni nyumbani wangali vijana, wale nao huhamishwa na husahau. Waulizeni alikuwa anawachekesha vipi. Umoja wa Mataifa hutoa nishani ya Dag Hammarskjöld kwa waliofia kazi hiyo, ikabidhiwe familia. Fuatilieni kupitia jeshi kama haijafika, na mkubaliane mapema itakaa kwa nani. Na nguo zake msizifue zote.

Deni

Katika zile siku mbili za likizo Babu alimchukulia mama yake doti ya kanga kwa mkopo, duka moja la Muheza, akaahidi kulipa kwenye mshahara. Hakuwahi. Bibi alisema kwenye kaseti kwamba mama yake alipeleka fedha za nazi mara mbili, na mwenye duka akakataa kuzipokea, akasema, "Ataleta mwenyewe." Baadaye mwenye duka alihama. Zile kanga zikawa mbeleko. Mama alibebwa humo, na mdogo wake, mpaka zikachanika zikawa za kupangusia vyombo.

Imamu alisema marehemu asiachwe na deni: tafuteni warithi wa mdai, mkiwakosa toeni sadaka kwa niaba yao. Tuliwatafuta kwa miezi minane, kwa kuuliza tu, duka hadi duka, mpaka tukaelekezwa kwa mjukuu mmoja, ana duka la vipuri hapa hapa Tanga, dakika kumi kutoka kwenye cherehani yangu. Nimewahi kumshonea mkewe.

Fedha alizikataa. Alicheka, akaona aibu, akasema babu yake angemfufukia. Nikamwachia mezani doti moja ya kanga kwa ajili ya mkewe. Akaikunjua juu ya zile beringi na mafuta ya kulainishia, akaigeuza asome jina lake, akasoma polepole, kisha akaniuliza yule kijana alikuwa anaitwa nani.

Nikamtajia.